Mibuni ya Msimu Mmoja

Gunia la mwisho la kahawa lilipotoka chumbani kwa watoto, Veneranda alichukua fagio akaingia. Tangu Krismasi wanawe walikuwa wanalala sebuleni, mmoja kwenye kochi na wengine chini, kwa sababu chumba chao kilikuwa kimejaa magunia mpaka dirishani. Na kahawa yenyewe haikuwa ya shambani kwao. Mumewe, Eusebius, aliinunua kwa majirani ikiwa imeshakauka, wakati ule bei ilipokuwa juu na kila mwanaume kijijini, huku milimani juu ya mji wa Mbinga, anatembea kama mwenye gari. Alisema ataiweka ndani miezi michache, bei ipande tena, auze. Bei haikupanda.

Alifagia pole pole. Sakafuni palibaki alama za magunia na punje chache zilizomwagika. Aliziokota moja moja akazitia kwenye kikombe, kisha akakaa kitandani kusikiliza pikipiki ya mumewe.

Eusebius aliporudi kutoka mjini hakuvua kofia. Alikaa kwenye kigoda cha jikoni, mahali ambapo huwa hakai.

"Wamechukua yote?" Veneranda akauliza.

"Yote."

"Kwa bei gani?"

"Elfu sita na kidogo kwa kilo. Wanasema imeshika unyevu. Jamaa anaingiza mkono kwenye gunia, ananusa, anamtazama mwenzake wanacheka. Kana kwamba mimi sielewi kahawa."

"Si ulinunua kwa tisa na nusu, Baba Glorious?"

"Nilinunua kwa tisa na nusu. Unataka nirudie mara ngapi?"

Glorious, binti yao mkubwa, alikuwa anachambua maharage mlangoni. Aliinuka bila kuambiwa akaenda kuchambulia nje.

Veneranda alijua hela ya kununulia ile kahawa ilitoka kwa Xaveri, mfanyabiashara wa kahawa mwenye ghala pale njia panda. Milioni nne na laki nane. Alikuwa amejipa moyo kwamba Xaveri ni mtu wa kusubiri. Sasa akauliza, kwa sauti ya chini, pengo ni kiasi gani.

"Moja na laki nane."

"Milioni?"

"Elfu, basi! Milioni, mama."

"Na atasubiri?"

Eusebius alivua kofia, akaikung'uta gotini. "Niliandika shamba la juu. Ile mibuni ya baba. Nisipolipa kabla ya kuanza kuchuma, anachuma yeye. Misimu mitatu."

Veneranda hakupiga kelele. Shamba la juu ndilo lililokuwa linawavisha na kuwasomesha. Yale mengine yalikuwa ngoro za mahindi na maharage, vishimo vya babu zao mteremkoni, chakula cha ndani tu. Na huko juu matunda yalishaanza kuwa mekundu upande wa jua. Pentekoste ikipita, watu wataingia na vikapu.

"Uliandika bila kuniambia," alisema.

"Ningekuambia ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

Lakini chini ya hasira kulikuwa na kitu kingine, na tusimfiche Veneranda: alikuwa na fahari. Kwa miaka mingi mumewe alikuwa akimcheka kwamba hela yake anaitawanya kama mtu anayerushia kuku punje. Kidogo kwenye hisa za kikoba. Kidogo kwenye vitenge vya kukopesha. Nusu ya wavu wa usipa, wale dagaa wa ziwani, kule Lituhi kwa mdogo wake. Nguruwe wa kufugisha kwa rafiki yake Rosa, kijiji cha Ruanda. Eusebius alikuwa mtu wa kahawa, kahawa, kahawa. Veneranda aliogopa kuweka chungu kimoja tu jikoni. Basi leo ataona nani alikuwa na akili.

"Nipe wiki hii," alimwambia. "Nitakusanya vyangu."

Eusebius alimtazama kama mtu anayetaka kucheka na hana nafasi.

*

Kikoba chao kilikutana Alhamisi, baada ya sala ya jumuiya, nyumbani kwa mhazini, Mama Verediana. Sanduku la bati lilikuwa mezani na kufuli zake tatu. Veneranda alikaa akawatazama wenzake, na akagundua kitu ambacho wiki zilizopita hakukiona: vitenge vyake vinne vilikuwa vimekaa mbele yake, vimevaliwa na havijalipwa.

"Shikamoo mama," alimwambia Verediana.

"Marahaba mwanangu. Tumesikia ya nyumbani. Pole."

Kumbe wameshasikia. Veneranda alimeza mate, akaomba atoe hisa zake zote. Kina mama wakatazamana. Mmoja akajifanya anamfunga mtoto mgongoni upya.

Verediana alifungua kufuli zote tatu, akageuza sanduku ili kila mtu aone. Ndani mlikuwa na noti za buku buku zilizofungwa na mpira, na sarafu.

"Hisa zako zipo, Veneranda. Hakuna aliyezila. Ila hela ndiyo haipo. Iko kwa watu."

"Kwa nani?"

"Kwa sisi hawa hawa. Huyu alikopa mbolea. Huyu ada. Mimi mwenyewe nilikopa bati. Wote tuliandika kurudisha kahawa ikilipwa."

"Na kahawa ikilipwa bei ya chini?"

"Usiseme hivyo kwenye nyumba yangu," Verediana alijibu, lakini hakuwa mkali. Aliogopa tu.

Mwanamke mwenye kitenge cha bluu, kile chenye maua ya njano, alimfuata hadi uani. "Dada Vene, cha kwako nakikumbuka. Kahawa ikitoka tu, wewe wa kwanza."

"Sawa," Veneranda alisema. Mwezi mzima alikuwa akiisikia ahadi hiyo na kuiona ya kawaida. Leo ilimkwaruza.

*

Veneranda alifika Lituhi mchana, amechafuka vumbi mpaka kwenye nyusi. Getrude, mdogo wake, alimpokea mfuko, akamletea maji ya kunawa, na kabla hajamaliza kunawa akamletea ugali kwa usipa. Watoto wa Getrude walikuja kumshika mkono na kusema shikamoo mama mkubwa, kisha wakaitazama sahani yake bila hamu. Nao walikula hivyo hivyo asubuhi.

Pwani ilikuwa imefunikwa. Usipa ulianikwa kwenye vichanja, kwenye nyavu kuukuu, kwenye mawe, hata kwenye bati lililoanguka la banda. Unang'aa kama bati jipya. Veneranda alifurahi moyoni. Ziwa limetoa.

"Shemeji umetajirika!" alimwambia Othmar, mume wa Getrude, aliyekuwa anaziba tundu la wavu. Wavu wenyewe nusu ni wake.

Othmar alicheka puani. "Nimetajirika usipa. Unataka magunia mangapi?"

"Nataka hela, shemeji. Nimekuja na shida."

Alieleza. Othmar alisikiliza huku sindano yake ikiingia na kutoka kwenye matundu ya wavu. Alipomaliza, Othmar alinyoosha mdomo kuelekea barabara inayoingia mwaloni, mitumbwi inaposhushia.

"Unaona pale? Mwaka jana wakati kama huu palikuwa na magari matatu ya kina mama wa Mbinga. Wanagombana nani apakie kwanza. Juzi amekuja mmoja. Amepapasa usipa kama anapapasa khanga dukani, ameuliza bei, nimemtajia nusu ya mwaka jana, ameniambia, kaka, hata ukinipa bure nauli itanishinda. Huko kwetu hawanunui."

"Kwa nini wasinunue? Usipa ni mboga ya kila siku."

"Wanakula maharage yao. Wanasubiri kahawa."

Veneranda alikaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa. Aliutazama ule usipa wote. Alikuwa ameshuka milima, amevuka bonde, amefika ukingoni mwa nchi, ng'ambo ni Malawi, na bado alikuwa anaambiwa neno lile lile aliloambiwa uani kwa Verediana.

"Kwani ziwa nalo linalima kahawa?" alisema, akiwa amekasirika, hajui amemkasirikia nani.

"Ziwa halilimi. Lakini anayenunua usipa wangu analima. Nikuuzie wavu? Kuna jamaa wa Chiwanda anautaka kwa bei ya kutupa. Sema tu. Ila niambie na mimi nivue na nini."

Getrude alikuwa amesimama mlangoni na kisahani mkononi. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi, kwamba mdogo wake hakupinga, angekubali.

"Msiuze," Veneranda alisema.

Walimpa gunia la usipa. Asubuhi kondakta alilitazama gunia, akamtazama na yeye, akataja nauli ya gunia kubwa kuliko ya mtu.

"Kaka, hili bei yake sokoni haifiki hiyo nauli."

"Basi panda wewe, liache."

Alilipa. Watu wawili nyuma yake walicheka, na mmoja akaziba pua kwa mtandio.

*

Alishuka Ruanda, kwa sababu sasa alikuwa amebaki Rosa tu wa kumwendea, na hakutaka kurudi nyumbani bila kujua. Yeye na Rosa waliketi dawati moja darasa la saba. Miaka minne iliyopita Veneranda alimpeleka nguruwe jike wa kufugisha: yeye anatoa mama, Rosa analisha, wakizaa wanagawana. Njiani alikuwa ameshajiandaa kuisikia tena ahadi ile.

Banda la Rosa lilikuwa kando ya barabara ya malori ya makaa ya mawe. Malori mawili yalikuwa yameegeshwa, madereva na matingo wamekaa kwenye benchi na ndizi na kitimoto, wanakula bila mazungumzo, kama watu wenye safari.

"Vene! Mbona unanuka ziwa?" Rosa alimkumbatia na mwiko mkononi. "Kaa. Nina hela yako tangu wiki iliyopita, simu yako haipatikani."

Veneranda alikaa. Alidhani hakusikia vizuri.

"Hela yangu?"

"Wale wanne wa kunenepesha. Wawili nimeshawachinja, wawili wameshalipiwa, nawachinja kesho. Laki sita fungu lako. Nikuhesabie?"

"Rosa, wewe huku watu hawasubiri kahawa?"

Dereva mmoja aliinua kichwa. "Kahawa? Mama, mimi nimelala Kitai, kesho nalala Njombe. Kahawa naijua kwenye kikombe."

"Na hicho nacho deni lake humalizi," Rosa alimwambia, na benchi zima likacheka.

Nyuma ya banda majike mawili yalikuwa yamelala kwenye maranda, moja lina mimba, tumbo limegusa chini. Rosa aliegemea mbao. Veneranda alimweleza yote, na Rosa akafikiri kidogo, akilamba chumvi kidoleni.

"Ninunue fungu lako lote? Haya majike na kilichomo tumboni. Nitaongeza laki nane. Kuna mtu wa kunikopesha. Unabaki bila mguu wa nguruwe, lakini unakuwa na moja na laki nne. Xaveri hawezi kukataa, atakuvumilia hiyo iliyobaki."

Veneranda alilikuna jike lenye mimba nyuma ya sikio. Lilikoroma bila kufungua macho. Barabarani lori lilipita, vumbi jeusi likatua juu ya sufuria, na dereva mwingine akapunguza mwendo akipiga honi ya kuulizia kama nyama bado ipo.

"Nipe laki sita yangu," alisema. "Hayo mengine niache nikafikiri njiani."

Njiani alifikiri, na hakupenda alichokiona. Miaka yote alikuwa akiamini kwamba ametandaza vitu vyake mbalimbali. Kikoba, vitenge, wavu. Kumbe vyote vilikuwa vinakula sahani moja na Eusebius, tena moyoni yeye alikuwa anamcheka. Kimoja tu ndicho kilichokuwa na sahani yake, na hicho hakukiweka pale kwa akili. Alikiweka kwa sababu Rosa alikuwa rafiki yake na nyumbani hapakuwa na nafasi ya banda.

*

Aliweka laki sita mezani mbele ya mumewe. Hakuficha kitu. Alieleza sanduku la Verediana, alieleza usipa, alieleza Rosa na ile laki nane.

Eusebius alisimama. "Sasa unangoja nini? Napanda pikipiki sasa hivi naenda Ruanda."

"Huendi."

"Mama Glorious."

"Huendi, Baba Glorious. Nguruwe si wako."

"Na mibuni si yako! Ni ya baba yangu. Alibeba miche kichwani, mimi nikimfuata nyuma na kopo la maji. Unataka Xaveri aingie na watu wake, wavunje matawi?"

"Sitaki. Lakini kaa nikuulize. Tukikomboa, wachumaji tunawalipa na nini? Dawa? Mbolea ya mvua zinazokuja? Tutarudi kukopa. Kwa nani? Kwa Xaveri huyo huyo. Na bei bado inashuka. Tutakuwa tumeuza kitu kinachoingiza hela ili tupate kitu kinachotaka hela."

"Bei itapanda."

"Ulisema hivyo Krismasi."

Alijuta palepale. Eusebius alivaa kofia, akageukia dirisha. Uani Xaveri alikuwa ameshafika na hakupiga hodi. Walimwona kupitia dirisha amesimama kwenye njia ya shamba la juu, amechuma tunda jekundu, analifyonza, anatema ganda, anatazama mteremko mzima kama mtu anayekadiria nguo.

Alipoingia alimsalimia Eusebius tu.

"Nimeona limekaa vizuri. Jumatatu naleta watu."

"Karibu kiti, Xaveri," Veneranda alisema. "Hapa kuna laki sita."

Xaveri alizitazama noti. "Shemeji, mkataba huu ni wa wanaume wawili."

"Na hela hii ni ya mwanamke. Niirudishe kabatini?"

Xaveri alikaa.

Walibishana mpaka chai ikapoa. Xaveri alitaka misimu miwili. Veneranda alisema theluthi ya pengo imelipwa, na msimu mmoja wa shamba lile hata kwa bei ya sasa unamrudishia iliyobaki, yeye mwenyewe anajua, ndiyo maana amelifyonza lile tunda akitabasamu. Xaveri akacheka. Akasema haya, mmoja, lakini bei ikianguka hasara ni yenu.

"Hapana. Ukichuma wewe, bei ni yako, ikipanda na ikishuka. Ndiyo maana ya kuchuma."

"Eusebius, mkeo huyu umemtoa wapi?"

Eusebius alikuwa anatazama ukuta.

"Na ukimaliza kuchuma unapogoa," Veneranda aliendelea, "huachi matawi yananing'inia. Na wachumaji wa kwanza ni sisi, watu wa nyumba hii. Kwa debe. Hela jioni ile ile, si kahawa ikilipwa."

Hapo Eusebius alitoka nje. Aliufunga mlango taratibu, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kuubamiza.

*

Jumatatu Veneranda na Glorious walipanda shamba la juu na vikapu viunoni, pamoja na kina mama wengine wa kijiji. Wengine waliona aibu kwa niaba yake, wakazungumza mambo ya hali ya hewa. Mwenye kitenge cha bluu hakuona aibu.

"Dada Vene, kuchuma kwako mwenyewe kwa kibarua! Hii sijawahi kuiona."

"Umeiona leo. Na ukilipwa jioni unikumbuke."

Wakacheka, na ikawa rahisi kidogo.

Xaveri alitaja elfu moja na mia tano kwa debe. Mikono ikaenda kwenye matawi. Ya Veneranda haikwenda.

"Elfu mbili," alisema. "Mteremko huu unaujua? Miguu yetu inaujua."

"Mama Glorious, tulishapatana."

"Tulipatana hela jioni. Bei ya debe hatukuitaja."

Kina mama walirudisha mikono kwenye khanga, mmoja mmoja, hakuna aliyemwangalia mwenzake. Xaveri alihesabu vikapu, akatazama matunda yaliyoiva yanayongoja, akasema haya, elfu mbili, mnanimaliza.

Jua lilipopanda, Eusebius alitokea chini ya mteremko na kikapu. Alipita kati yao bila kusalimia, akaenda mstari wa mwisho, akavuta tawi la kwanza karibu na kifua. Alichuma mekundu tu. Mabichi aliyaacha, akayageuza kidogo kwa kidole yaelekee kwenye jua, ingawa msimu huu hayakuwa yake. Baada ya muda Veneranda alihamia mstari wa jirani. Tawi lililokuwa juu mno kwake, Eusebius aliliinamisha akalishikilia mpaka akamaliza.

Karibu na saa sita simu ya Xaveri iliita. Alisikiliza, akageuka mgongo, akauliza mara mbili, "Tano na ngapi?" Kisha akashuka shambani haraka, amesahau hata koti lake kwenye tawi.

"Imeshuka tena," kina mama walinong'onezana, mikono imesimama kwenye matawi. Verediana na bati lake. Aliyekopa ada. Mwenye kitenge cha bluu alishusha kikapu chini, akakitazama, akakipandisha tena.

Hasara ya leo ilikuwa ya Xaveri. Veneranda alijua hivyo. Ndivyo alivyoipanga mwenyewe. Alingoja furaha ije na haikuja. Akilini alimwona Getrude mlangoni na kile kisahani. Akamwona Xaveri akichuma nusu na kuacha nusu, na kina mama hawa wakirudi nyumbani na vikapu vitupu, na msimu ujao, mibuni ikirudi kwao, yeye na Eusebius wakirudi kwenye bei hiyo hiyo.

Kengele ya saa sita ililia parokiani ng'ambo ya bonde. Kina mama walisimama wakafanya ishara ya msalaba kwa mikono yenye utomvu. Veneranda naye alifumba macho aombe, akaanza, Bwana, bei, kisha akakwama hapo. Hakujua aseme ipande au ishuke. Wenzake walimaliza, matawi yakaanza tena kutikisika, naye bado amesimama na mkono kifuani.

"Mama," Glorious aliita, "kikapu chako bado hakijajaa."

Akafumbua macho, akanyoosha mkono kwenye tawi.